Mafua yamepona, shingo imeanza kuuma: tuzungumzie tezi ya thairoidi

Zamu ya Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna ugonjwa naukuta kazini kila baada ya msimu wa mafua, na karibu kila mara mgonjwa ananifikia akiwa ameshazungushwa. Amekwenda kwa daktari wa meno kwa sababu taya linauma, akaenda kwa daktari wa masikio, akameza antibiotiki za koo, na bado hawezi kugeuza shingo wala kumeza mate bila kukunja uso. Ukimhoji taratibu anakumbuka kwamba wiki kadhaa nyuma alibanwa na mafua. Yaliisha, akarudi kwenye shughuli zake, akayasahau. Hakuna aliyemuuliza.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, imelikumbatia bomba la hewa kushoto na kulia. Kwa mtu mzima ina uzito wa kama gramu 15 hadi 25 tu. Inatengeneza homoni mbili, T4 na T3, ambazo ndizo zinazoamua mwili uende kwa mwendo gani: mapigo ya moyo, joto, choo, usingizi, uzito, hata hasira za mtu. Ubongo unaisimamia kupitia homoni nyingine iitwayo TSH. T4 ikipungua, TSH inapanda kuisukuma tezi ifanye kazi. Ikizidi, TSH inashuka.

Tofauti ya tezi hii na nyingine za homoni ni kwamba inaweka akiba kubwa. Ndani yake kuna vifuko vidogo vidogo vilivyojaa ute, na humo homoni imehifadhiwa ikiwa imeshikana na protini iitwayo thairoglobulini. Akiba hiyo inaweza kukuvusha wiki nyingi bila tezi kutengeneza hata chembe mpya. Lishikeni hilo, maana maswali mengi ya uzi huu yatarudi hapo.

Sasa mtu kaugua virusi vya njia ya hewa. Kati ya wiki 2 na 8 baadaye, tezi inavimba na kuwa ngumu, ukiigusa mgonjwa anaruka. Maumivu yanapanda kwenye taya na sikio. Mara nyingi yanaanza upande mmoja, baada ya siku kadhaa yanahamia wa pili. Kuna homa ya chini chini, mwili kuchoka vibaya, na hapo hapo moyo unakimbia, mikono inatetemeka, jasho, usingizi hauji, kilo zinapungua.

Kitaalamu ni thairoiditi ya subakyuti, na wengi huuita ugonjwa wa de Quervain, kwa jina la Fritz de Quervain, daktari mpasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1904. (Mkitafuta intaneti muwe macho: jina lake limebandikwa pia kwenye ugonjwa wa kano za kidole gumba. Usije ukasoma mazoezi ya kiganja ukidhani unatibu shingo.)

Kinachotokea ni hiki. Vifuko vinapasuka na homoni iliyokuwa imehifadhiwa inamwagika kwenye damu. Ni ghala lililobomoka ukuta, si kiwanda kilichoongeza uzalishaji. Tezi yenyewe wakati huo karibu imesimama kazi. Kwa hiyo vipimo vinaonyesha T4 na T3 juu, TSH chini kabisa, na ukiangalia karatasi peke yake bila kumgusa mgonjwa shingo, utaandika kwamba tezi inafanya kazi kupita kiasi na utampa dawa ya kuizuia. Hapo ndipo watu wanapoumizwa.

Nimefungua uzi tujadiliane. Mwenye uzoefu aweke.

Mchokozi

Mkuu darasa zuri, lakini nina shaka. Tangu UVIKO-19 uje, kila ugonjwa umepewa virusi kama baba. Mafua mtu anapata kila mwaka. Ukimuuliza mgonjwa yeyote wa goti kama aliwahi kupata mafua wiki kadhaa nyuma, atakwambia ndiyo. Ushahidi uko wapi?

Zamu ya Usiku

Swali la haki kabisa, na goti lako nimelipenda.

Uhusiano huu haukuzaliwa na UVIKO. Madaktari waliona zamani kwamba wagonjwa hawa huja kwa makundi kufuatana na mlipuko wa matumbwitumbwi, na wengine baada ya virusi vya koksaki, adeno, surua au influenza. Kingamwili za virusi hivyo zilikuwa zikipanda na kushuka kwenye damu yao sambamba na ugonjwa. Ila nakubaliana nawe hapa: kukikamata kirusi chenyewe ndani ya tezi imekuwa kazi ngumu, ndiyo maana wengi wanaamini kwamba mara nyingi kinachoharibu ni kinga ya mwili inayoendelea kupigana vita ambayo adui wake ameshaondoka.

Halafu kuna urithi. Idadi kubwa ya wagonjwa hawa wana aina fulani ya alama za seli iitwayo HLA-B35. Maana yake mafua yale yale yanaweza kupita kwa watu kumi nyumba moja na shingo ikamuuma mmoja. Wanawake wanaugua zaidi ya wanaume, mara tatu mpaka tano hivi, hasa wenye umri wa miaka 30 hadi 50 na kidogo.

Kuhusu korona, kuna mambo matatu. Baada ya SARS ya 2003, ambayo nayo ililetwa na kirusi cha jamii ya korona, uchunguzi wa maiti ulionyesha seli za vifuko vya thairoidi zimekufa kwa wingi. Mei 2020, madaktari wa Pisa, Italia, waliripoti msichana wa miaka 18 aliyepata thairoiditi hii wiki chache baada ya UVIKO mwepesi, na ripoti za namna hiyo zikafuata kutoka nchi nyingi. Na huko Milan walilinganisha wagonjwa 85 wa UVIKO waliolazwa kwenye uangalizi maalumu mwaka 2020 na wagonjwa 78 wa uangalizi wa namna hiyo mwaka 2019. Waliokuwa na homoni za tezi zilizozidi walikuwa asilimia 15 kwa 2020, asilimia 1 kwa 2019. Tena wengi wa Milan hawakuwa na maumivu ya shingo. Milango ambayo kirusi hiki hutumia kuingia kwenye seli, ACE2 na TMPRSS2, ipo kwenye seli za thairoidi pia.

Mchokozi

Hiyo ya Milan imeninyamazisha kidogo. Kidogo tu.

Dada wa Pili

Zamu ya Usiku, umeniandika mimi bila kunijua.

Kwangu ilianza kulia. Nilidhani nimelala vibaya. Sikio likawa linavuta, nikapewa matone ya sikio. Ikahamia kushoto. Usiku natokwa jasho mpaka nabadilisha nguo, na moyo unadunda nikiwa nimelala tu. Nilikopima damu wakaniambia tezi imepanda, wakanipa kabimazoli. Sikuambiwa kitu kuhusu mafua niliyokuwa nayo kabla.

Baada ya muda mapigo yalitulia, nikafurahi. Kumbe nilikuwa natelemkia upande wa pili. Baridi wakati wenzangu wanajipepea, nywele zinabaki kwenye kitana, uso umevimba, nasahau neno katikati ya sentensi. Daktari mwingine ndiye aliyenigusa shingo, akauliza maswali, akasimamisha ile dawa. Aliniambia ningefika huko hata bila dawa, ila dawa ilinisukuma zaidi. Alikuwa na maana gani? Sikuthubutu kumuuliza.

Zamu ya Usiku

Pole sana dada. Alikuwa na maana hii.

Kabimazoli inazuia tezi kutengeneza homoni. Wewe tezi yako haikuwa inatengeneza, ilikuwa inavuja, na homoni iliyokwisha kumwagika hairudishwi na kabimazoli. Inabidi mwili uimalize wenyewe, na T4 inachukua kama wiki nzima kupungua nusu. Kipindi cha kuvuja kwa kawaida ni wiki 3 mpaka 6, wakati mwingine zaidi. Akiba ikiisha mapigo yanatulia yenyewe, na dawa yoyote uliyokuwa ukimeza wakati huo inapata sifa isiyo yake.

Kinachofuata ni ukame. Akiba imekwisha, seli bado zinajijenga upya, na TSH iliyokandamizwa kwa wiki kadhaa haijaamka vizuri. Hapo mtu anapoa, anavimba, anasahau. Si wote wanaopita hapo, lakini ni wengi, na inaweza kudumu miezi kadhaa, hata nusu mwaka. Ukimpa mtu wa hatua hii dawa ya kuzuia utengenezaji, unamfungia mlango wakati anajaribu kuingia ndani.

Matibabu ya kweli yana sura nyingine. Maumivu mepesi: ibuprofeni au naproksini, kama tumbo na figo za mgonjwa zinaruhusu. Maumivu makali au yasiyosikia hizo: prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi, na mabadiliko huwa ni ya kushangaza, mtu aliyeshindwa kumeza jana anakula kesho au keshokutwa. Asipopata nafuu kabisa ndani ya siku chache, mimi huanza kujiuliza kama nimepatia ugonjwa. Prednisoloni haikatwi ghafla, inashushwa polepole kwa wiki kadhaa. Wanaoiacha mara tu shingo inapotulia ndio hao maumivu yanawarudia. Moyo unaokimbia unatulizwa na propranololi, isipokuwa mwenye pumu: huyo amwambie daktari mapema, dawa hiyo inaweza kumbana kifua.

Antibiotiki hazina kazi hapa.

Mwanamaabara

Niongeze ya upande wetu wa maabara. Kipimo cha bei ndogo kinachosaidia sana hapa ni ESR, ile kasi ya chembe nyekundu kushuka kwenye mrija. Kwa ugonjwa huu mara nyingi inapita 50 na si ajabu kupita 100. ESR ikiwa ya kawaida kabisa, shaka iwepo. Kwa ugonjwa wa Graves, ambao ndio hasa wa tezi kuzalisha kupita kiasi, kuna kingamwili zinazoichokoza tezi, TRAb, na zinapimika. Ultrasaundi yenye kuonyesha mwendo wa damu nayo inasema mengi: kwa Graves damu inatiririka kwa nguvu ndani ya tezi, kwa hii thairoiditi ni kidogo. Palipo na kipimo cha tezi kunyonya ayodini ya mionzi, ya Graves inanyonya kwa pupa, hii karibu hainyonyi kitu.

Na jambo moja linalotutesa: biotini. Wanaomeza vidonge vya nywele na kucha, vingi vina biotini ya kiwango kikubwa, na mitambo mingi inadanganyika nayo, inatoa T4 ya juu na TSH ya chini kwa mtu mzima wa afya. Acheni angalau siku 2 kabla ya kupima, na semeni mnachomeza. Watu wanaficha vidonge vya urembo kuliko wanavyoficha magonjwa.

Mfuasi wa Majani

Mnawachosha watu na vidonge. Tezi ikisumbua inahitaji ayodini tu. Nina unga wa mwani, kijiko asubuhi na jioni unasafisha tezi kabisa. Wenye uhitaji mje inbox.

Zamu ya Usiku

Ndugu yangu, biashara yako siiombei mabaya, lakini si kwenye uzi huu. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 150 za ayodini kwa siku. Unga wa mwani, kutegemea aina, unaweza kubeba zaidi ya hapo mara nyingi sana ndani ya kijiko kimoja, na tezi iliyojeruhiwa ikimwagiwa ayodini nyingi inaweza kuzima kabisa au, kwa mwenye vinundu, kufumuka. Tezi aliyonayo Dada wa Pili haikukosa ayodini. Ilichanika.

Kisiki cha Mpingo

Daktari, mimi nina Graves, natumia kabimazoli kihalali, nimeanza si miezi mingi. Tangu jana koo linauma sana na usiku nimepata homa. Mke wangu kasoma huu uzi anasema labda na mimi ndiyo hii ya virusi. Ninywe ibuprofeni nisubiri?

Zamu ya Usiku

Mzee wangu, usisubiri. Dozi inayofuata ya kabimazoli usiimeze, nenda hospitali leo hii, na neno la kwanza kumwambia wa mapokezi liwe hili: "natumia kabimazoli na nina homa na koo linauma." Waombe hesabu kamili ya chembe za damu, waangalie nyeupe, hasa neutrofili.

Sababu ni hii. Kwa wachache sana, chini ya mmoja kwa mia, dawa za kundi hilo zinafuta chembe nyeupe za kupigana na maambukizi, na dalili ya kwanza ni koo na homa, inayofanana kabisa na mafua ya kawaida. Inatokea zaidi miezi 3 ya mwanzo. Uwezekano mkubwa ni kwamba yako ni mafua tu, lakini hilo linaamuliwa na damu, haliamuliwi na sisi hapa jukwaani. Na usikae muda mrefu bila dawa kwa uamuzi wako mwenyewe, maana Graves iliyoachwa ikikutana na maambukizi inaweza kulipuka vibaya.

Ukirudi utujulishe.

Dada wa Pili

Mzee nenda. Uzi hautakimbia.

Mdadisi

Wakati tunamsubiri mzee, nina langu. Baba alilazwa kwa nimonia kali ya virusi, akawekewa oksijeni. Walipima tezi, T3 ikawa chini, TSH nayo chini kidogo. Ndugu mmoja anasisitiza kwamba virusi vimeua tezi na baba aanzishiwe levothairoksini, yaani T4 ya vidonge, mara moja. Yeye sasa yuko nyumbani, anatembea tembea. Hana maumivu ya shingo.

Zamu ya Usiku

Mwambie ndugu avute subira. Mgonjwa mahututi wa karibu ugonjwa wowote huonyesha T3 ya chini, hata kama tezi yake ni nzima. Mwili wenyewe unapunguza kugeuza T4 kuwa T3, na ubongo unapunguza TSH. Hayo yanakuja na ugonjwa na yanaondoka nao. Kumpa homoni mzee ambaye moyo wake umetoka kwenye mapambano ni kumbebesha mzigo bila faida iliyothibitika.

Arudie vipimo baada ya wiki 6 hivi tangu apone. TSH ikija juu na T4 chini wakati huo, hapo kuna mazungumzo. Mueleze pia daktari kama alipigwa picha ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa, kwa sababu dawa hiyo imejaa ayodini na inaweza kuivuruga tezi kwa wiki kadhaa. Jambo hili husahaulika kwenye barua za kuruhusiwa.

Kisiki cha Mpingo

Nimerudi. Damu imepimwa, neutrofili ziko sawa. Wamesema ni virusi vya kawaida vya koo, niendelee na kabimazoli, na kila nikipata homa nirudi vile vile. Nesi wa mapokezi alinitazama mara mbili niliposema lile neno, nikapelekwa mbele ya foleni. Wameniambia pia nisinunue ovyo dawa za kuzibua pua maana zinapandisha mapigo.

Zamu ya Usiku

Alhamdulillahi. Na hiyo ya dawa za kuzibua pua ni kweli kabisa, nyingi zina vichangamsho vya moyo. Kwa mwenye homoni za tezi zilizozidi, mvuke au maji ya chumvi ya puani vinatosha.

Mchokozi

Haya, nichokoze tena. Na chanjo je? Nimesikia nazo zinaleta hii thairoiditi.

Zamu ya Usiku

Zipo ripoti za watu waliopata thairoiditi hii siku au wiki kadhaa baada ya chanjo za UVIKO, na kabla yake zilikuwepo chache za baada ya chanjo ya influenza. Ukilinganisha na idadi ya dozi zilizotolewa duniani ni tukio adimu, na mwendo wake ni ule ule: inauma, inapoa. Kinga iliyochokozwa ni kinga iliyochokozwa, iwe na kirusi kizima au kipande chake. Simwambii mtu aache chanjo kwa ajili hiyo, ila namwambia akisikia shingo inauma aseme.

Dada wa Pili

Langu la mwisho. Sasa hivi TSH yangu imerudi kawaida, bado nakunywa levothairoksini kidogo. Nitakunywa maisha yote? Na nikipata mafua mengine itarudi?

Zamu ya Usiku

Wengi hawanywi maisha yote. Kati ya asilimia 5 na 15 ndio tezi yao inabaki dhaifu moja kwa moja, waliobaki inaamka. Namna ya kujua ni daktari wako kukupunguzia dozi baada ya miezi kadhaa na kupima TSH tena wiki 6 hadi 8 baada ya kupunguza. Usiiache mwenyewe siku moja ukaona kimya ukadhani umepona, kwa sababu T4 inakaa mwilini na upungufu huja taratibu. Hata ukiachishwa salama, TSH mara moja kwa mwaka ni busara.

Kujirudia kupo, ni asilimia chache, na kunaweza kuja hata baada ya miaka. Mafua yatakupata kama yanavyotupata sote, na mengi yatapita bila tezi kuhusika. Wewe sasa unaijua ile maumivu ya kuhama upande, utaitambua kabla ya daktari.

Sauti ya Chini

Mimi nasoma tu kimya kimya tangu mwanzo. Nina uvimbe upande mmoja wa shingo, hauumi hata kidogo, upo muda mrefu, hauhusiani na mafua yoyote. Sauti imeanza kukwaruza. Nao utaondoka wenyewe?

Zamu ya Usiku

Huo si huu tunaouzungumzia. Uvimbe wa upande mmoja usiouma, unaokaa, na sauti inayobadilika, unahitaji ultrasaundi, na pengine kuchukuliwa chembe kwa sindano nyembamba. Vinundu vingi vya tezi si saratani, lakini sauti kukwaruza inanifanya nisikuache usubiri. Weka miadi wiki hii na daktari wa koo au wa upasuaji. Na kama homa itapanda sana, ngozi ya shingo ikawa nyekundu, au ukaanza kupumua kwa shida, hiyo si ya miadi, nenda dharura saa hiyo hiyo.

Sauti ya Chini

Nimeelewa. Napiga simu asubuhi.